Historia fupi ya kujifunza piano bila mwalimu

Najua nimepotea kidogo, ni msuli wa majaribio, si mnajua wenyewe. Leo sigusi foleni ya chakula wala boom kuchelewa. Nataka tuongee historia, tena ya kitu ambacho wenzangu wa chumbani wameshanichoka nacho: kujifunza piano kuanzia sifuri kwa video za bure za mtandaoni.

Kuna hoja inazunguka sana hapa kitivoni kwetu. Eti hii ndiyo mara ya kwanza tangu dunia iumbwe mtu anajifunza ufundi mgumu bila mwalimu kuwepo, na eti sisi tunaosomea ualimu tunasomea kazi inayokata roho. Hoja hiyo inanigusa pande zote mbili. Nasomea ualimu, na wakati huohuo huu ni mwezi wa kumi na moja nafundishwa kinanda na watu ambao hawajui hata kama nipo duniani. Basi nikafukua kidogo, nikakuta hoja yenyewe imechelewa kama miaka elfu moja hivi. Kaeni mkao wa kula.

Tuanzie Italia, karne ya 11. Alikuwepo mtawa mmoja anaitwa Guido, ambaye historia inamjua kama Guido wa Arezzo. Kero yake ilikuwa hii: waimbaji wa kanisa walijifunza kwa kusikiliza na kukariri tu. Mwalimu anaimba, wewe unarudia, kesho tena, kesho kutwa tena. Guido aliandika kwamba watu walikuwa wanamaliza miaka kumi na bado hawajakamilika. Akafanya mambo mawili. Kwanza alipanga nota kwenye mistari ili jicho lione sauti ilipo. Pili akachukua silabi za mwanzo wa mistari ya wimbo mmoja wa Kilatini wa Mtakatifu Yohana Mbatizaji, akazifanya majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Ile ut baadaye ndiyo ikawa do. Akadai kwamba kwa njia hiyo miaka kumi inakuwa mmoja, ikizidi sana miwili, na kwamba mtu ataweza kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia kwa mtu yeyote.

Hapo sasa! Mwalimu ametolewa mdomoni, amewekwa kwenye karatasi. Na mnadhani wenzake walimpigia makofi? Watawa wa Pomposa alikokuwa anaishi walimchukia mpaka akahamia Arezzo. Baadaye Papa Yohane XIX alimwita Roma akamweleze huo mfumo. Kwa hiyo ile hofu ya "hiki kitu kipya kitatumaliza" nayo si ya leo.

Piano yenyewe ilikuja baadaye sana. Bartolomeo Cristofori, fundi wa vyombo vya muziki katika nyumba ya Medici kule Florence, alikuwa ameshaitengeneza ifikapo mwaka 1700. Kabla yake kilichotamba ni harpsikodi, ambayo ukibonyeza, kijiti kinadonoa uzi. Bonyeza kwa hasira au kwa upole, sauti ni ileile. Cristofori akaweka nyundo ndogo inayogonga uzi na kurudi nyuma papo hapo, hivyo ukigusa taratibu inanong'ona na ukikandamiza inapaza sauti. Jina la mwanzo lilikuwa refu, lenye maneno piano na forte, yaani kwa upole na kwa nguvu, watu wakalikata. Piano zake tatu bado zipo: ya 1720 iko New York, ya 1722 iko Roma na ya 1726 iko Leipzig.

Baada ya vyombo vikaja vitabu. Mwaka 1753 Carl Philipp Emanuel Bach alitoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha namna ya kupiga vinanda. Humo anasimulia kwamba baba yake, Johann Sebastian Bach mwenyewe, alimwambia kuwa ujanani aliwasikia mabingwa ambao hawakutumia dole gumba isipokuwa pale vidole vinapotakiwa kutanuka sana. Yaani kidole kizima kilikuwa likizo! Carl akalitetea dole gumba, akaonyesha linavyopita chini ya vidole vingine ili mkono utembee bila kukatika. Sasa fungua leo somo lolote la video la skeli ya C. Mkono wa kulia: moja, mbili, tatu, halafu dole gumba linapita chini, moja, mbili, tatu, nne, tano. Mtu wa 1753 ananifundisha hapa hosteli kwenye simu iliyopasuka kioo, na wala hakuna anayemtaja.

Ila aliyenifurahisha zaidi ni Carl Czerny wa Vienna. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Beethoven na mwalimu wa Liszt, na wanaojifunza piano wanamjua kwa mazoezi yake ya vidole yasiyoisha. Miaka ya 1830 aliandika kitabu kidogo cha barua kwa msichana mmoja wa kubuni, Cecilia, wa umri kama miaka 12, anayeishi mbali kijijini. Barua ya kwanza anamweleza mambo ya mwanzo kabisa, zinazofuata anapanda naye hatua kwa hatua, kama vile amemkalia pembeni. Jamani, hii ni elimu masafa kabla ya Chuo Kikuu Huria! Anaongea na mtu asiyemwona, anabashiri atakwama wapi, anamtia moyo. Ndivyo wanavyoongea walimu wangu wa video: "Najua hapa mkono wa kushoto umegoma, usijali, rudi nyuma kidogo." Wamejuaje? Kwa sababu mkono wa kushoto wa kila anayeanza hugoma palepale.

Kabla ya Czerny kulikuwa na mwingine aliyeamua kwamba hata macho ya mwalimu yanaweza kupunguzwa kazi. Johann Bernhard Logier, Mjerumani aliyekuwa anafundisha Dublin, mwaka 1814 alichukua hataza ya kifaa alichokiita chiroplast. Ni fremu inayofungwa mbele ya kinanda, unapitisha mikono humo, na viganja na vidole vinashikiliwa pale vinapotakiwa kukaa. Akawa anafundisha wanafunzi wengi kwa pamoja, kila mmoja na piano yake, wote wanapiga kwa wakati mmoja. Walimu wa mmoja mmoja walimshambulia vibaya, lakini serikali ya Prussia ikamwalika Berlin afundishe walimu wao. Wale wa saikolojia ya elimu wekeni alama hapo: shida ya Logier ni ileile ya darasa la watu 90 tutakalokabidhiwa. Macho mawili, mikono mia na themanini.

Haya, sasa tusogee nyumbani.

Mwaka 1841 kulikuwa na mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull, Uingereza. Mchungaji kijana, John Curwen, akapewa kazi ya kutafuta njia rahisi ya kufundisha kuimba kwa watoto na watu wa kawaida. Yeye mwenyewe nota za mistari zilikuwa zinamsumbua. Akaukuta mfumo wa mama mmoja mwalimu wa Norwich, Sarah Glover, uliorudi kwenye silabi za Guido na kuziandika kwa herufi. Curwen akaurekebisha na kuusambaza: d, r, m, f, s, l, t. Ile ya saba iliitwa si, ikageuzwa kuwa ti ili herufi yake isigongane na sol. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji mitambo maalumu ya kuchapa nota. Taipureta ya kawaida inatosha, hata penseli na daftari la mistari. Wamisionari wakaubeba hadi Afrika Kusini, Madagascar na huku kwetu, na ndiyo maana kwaya nyingi hapa zinasoma sol-fa mpaka leo.

Matunda yake mnayajua bila kujua kwamba mnayajua. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga wimbo wa Nkosi Sikelel' iAfrika, na nyimbo zake alikuwa anaziandika kwa sol-fa kwenye daftari. Sauti hiyo ndiyo tunayosimama kuiimba kama Mungu Ibariki Afrika. Yaani wimbo wa taifa letu umepitia kwenye mfumo uliobuniwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa mwalimu wa muziki. Na aliyeutunga alikuwa mwalimu wa shule, mwenzetu kabisa.

Hapa ndipo mambo yananigusa mimi. Kwaya ya kule nyumbani ina mpiga kinanda mmoja tu, mzee wa miaka sabini na kitu. Alijifunza kwa sol-fa akiwa kijana, na daftari zake ziko kwenye sanduku la bati, zimeandikwa kwa penseli, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Miaka miwili iliyopita mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka. Siku hizi anapiga sauti ya kwanza tu kwa mkono wa kulia, besi inaachiwa waimbaji. Hakuna aliyemrithi. Vijana tulitaka, lakini kinanda ni kimoja na kinafungiwa. Sekondari niliyosoma nayo ilikuwa na kinanda, kimefunikwa kitambaa ofisini, miaka minne sikuwahi kuona mtu akikigusa, eti kitaharibika. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nahangaika na video usiku wa manane, jibu ndilo hilo. Ule mkono wa kushoto lazima mtu aubebe.

Turudi kwenye historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani kulikuwa na piano za kujipiga zenyewe. Unaweka gombo la karatasi lenye matundu, hewa inapita kwenye matundu, na funguo zinashuka zenyewe kama zinabonyezwa na jini. Watu wengi walizinunua ili wasihangaike kujifunza. Lakini vijana wawili walizigeuza kuwa mwalimu. Duke Ellington, akiwa Washington, alilipunguza mwendo gombo la Carolina Shout la James P. Johnson, akatazama funguo zinavyoshuka, akaziiga mpaka akaupata wimbo mzima. Fats Waller huko New York alifanya hivyohivyo, anaweka vidole kwenye funguo zinazoshuka.

Sasa niambieni kama hamjawahi kuona kitu hicho. Zile video ambazo vijiti vya rangi vinamwagika kutoka juu na kugusa funguo! Programu iliyozipa umaarufu, Synthesia, ilianza mwaka 2006 ikiitwa Piano Hero. Na ile sehemu ya kupunguza kasi ya video mpaka nusu, ambayo bila hiyo mimi ningeshaacha zamani, Ellington aliitumia kabla televisheni haijaingia majumbani.

Miaka hiyohiyo masomo ya piano yalikuwa yanauzwa kwa posta. U.S. School of Music ilipata umaarufu katikati ya miaka ya 1920 kwa tangazo lililoandikwa na John Caples, la jamaa anayekaa kwenye piano kwenye sherehe huku wenzake wanamcheka, akianza kupiga wote wanaduwaa. Tangazo hilo bado linafundishwa kwenye kozi za masoko. Na ile ahadi haijafa: kila nikimaliza somo la bure linatokea tangazo la kuniambia nitapiga kama bingwa ndani ya wiki chache. Wiki chache wapi bwana! Mwezi wa kumi na moja huu na bado nahesabu.

Kilichobaki ilikuwa bei ya chombo. Piano halisi ina funguo 88, nyuzi zaidi ya 200 na fremu ya chuma, siyo kitu cha kupandisha ghorofa ya tatu. Mwaka 1980 Casio ilianza kuuza vinanda vyake vya umeme, vyepesi na vya bei ndogo. Mwaka 1983 ukaja mfumo wa MIDI uliowezesha vinanda vya kampuni tofauti kuongea lugha moja, vyenyewe kwa vyenyewe na kompyuta. YouTube ikaanza 2005, Google ikainunua 2006 kwa dola bilioni 1.65. Lakini huku kwetu wakati huo video ilikuwa anasa. Intaneti ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua, mpaka mkonga wa baharini wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009 ukifika Dar es Salaam na Mombasa. Ndiyo maana nasema video za bure zilianza 2005 kwa wengine, kwetu zilianza baadaye, na kwa wengine bado hazijaanza.

Tena hilo neno "bure" tulitazame vizuri. Somo ni bure. Bando siyo bure, umeme siyo bure, na kinanda changu cha funguo 61 cha mitumba kimekula boom ya nusu muhula. Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946 ambaye dunia ilimjua kama Freddie Mercury, alifundishwa piano shule ya bweni Panchgani, India, kwa sababu wazazi wake waliweza kumpeleka. Wangapi wa umri wake pale Unguja walikuwa na masikio kama yake bila nauli? Mlango umepanuka, nakubali kabisa. Ila bado una kizingiti.

Mnaniuliza, inafanya kazi? Inafanya. Wiki ya kwanza unajifunza kutazama funguo nyeusi: zimekaa mbili, tatu, mbili, tatu, na nyeupe iliyo kushoto kabisa mwa zile mbili ni C. Ukilijua hilo kinanda chote kinakuwa na ramani. Halafu zinakuja kodi (za muziki, siyo za TRA): do-mi-sol, fa-la-do, sol-ti-re. Kwa hizo tatu tu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana za kwaya. Nilicheka nilipomwona Joseph Hoffman, mwalimu wa Portland, Marekani, anayetoa masomo ya bure, akiwafundisha watoto do, re, mi kwa ishara za mikono. Ishara hizo alizieneza Curwen. Zimezunguka dunia kwa miaka zaidi ya mia moja na hamsini, zikanikuta kwenye simu, wakati kumbe zingeweza kunifikia kutoka kwenye sanduku la bati hatua mia tatu kutoka nyumbani.

Likizo iliyopita nilimtembelea yule mzee. Shikamoo, marahaba mwanangu, haya kaa upige. Nikapiga. Hakusema kitu mpaka mwisho. Kisha akaja nyuma yangu, akashika kifundo cha mkono wangu wa kushoto kwa vidole vyake vinavyotetemeka, akakishusha kama sentimita mbili, akasema, "Hapo. Sasa pumua." Basi. Sauti ikabadilika, na bega likaacha kuuma. Masomo zaidi ya mia moja ya video hayakuweza kuniambia hivyo, na siyo kwa sababu ni mabaya. Video inaongea, haitazami. Czerny naye hakuweza kumwona Cecilia. Logier alijaribu kuziba pengo hilo kwa fremu, na fremu yake leo ni ya makumbusho. Na Fats Waller, baada ya lile gombo lake, alimtafuta James P. Johnson mwenyewe akawa mwanafunzi wake.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa wale wanaotutisha kitivoni, ni huu. Kila zana tangu Guido imebeba maelezo ya mwalimu na kuyafikisha mbali kuliko miguu yake. Hakuna hata moja iliyobeba jicho lake. Kazi inayokufa ni ile ya kusimama mbele na kusoma desa, na hiyo ife tu, hatutaweka matanga. Kutazama mkono wa mtoto na kujua umekosea wapi, hiyo haijafa.

Mwakani tunasambaa mikoani kwa mazoezi ya kufundisha. Naombeni kitu kimoja wadau. Ukifika shuleni, uliza kama kuna kinanda. Kama kipo na kimefunikwa, omba kifunguliwe saa moja kwa wiki, hata kama wewe hujui kupiga. Mtoto mwenye simu ya mjomba wake atatafuta maelezo mwenyewe. Wewe kaa pembeni, tazama mikono, na kama jirani kuna mzee anayejua, mwite mapema, wakati bado anaweza kushika kifundo cha mtu.

Haya, jirani wa chumba anagonga ukuta, muda wa mazoezi umeisha. Tupo pamoja.